Barua kwa Saidi: kiwiko kinachouma upande wa ndani

Ndugu yangu Saidi,

Salaam, na pole sana kwa mkono. Umeniambia ulipumzika wiki mbili, maumivu yakakata, kisha siku ya kwanza tu ya kurudi kutengeneza madawati ya shule yakaanza upya. Ndivyo kano zilivyo, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa. Mapumziko huituliza kano lakini hayaiongezei nguvu, na ukikaa sana inazidi kudhoofika. Inayotakiwa ni kazi ndogo, ya kipimo, ya polepole, kwa wiki nyingi.

Kunja kiwiko, upapase kile kinundu cha mfupa upande unaogusa mbavu. Hapo ndipo inaposhikilia kano ya misuli inayokunja kifundo cha mkono, inayofumba vidole na inayogeuza kiganja kitazame chini. Ndiyo maana kufungua skrubu kwa mkono wa kulia kunakuuma kuliko kuikaza: ukifungua, kiganja kinageukia chini, na msuli wa kazi hiyo umejishika kwenye kinundu hichohicho.

Wiki ya kwanza usinyanyue kitu. Kaa, laza mkono mgonjwa mezani juu ya taulo iliyokunjwa, kiganja juu. Weka kiganja cha mkono mzima, ule usiouma, juu yake, kisha sukuma kwenda juu huku ule mwingine ukizuia, pasiwe na kinachosogea. Tumia kama nusu ya nguvu zako. Hesabu sekunde 45, pumzika dakika moja, rudia mara tano. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Wengi hupata nafuu ya muda hapohapo.

Ukiona hilo halikusumbui, ingia kwenye zoezi lenyewe, na hili naomba ulifanye sawasawa. Mkono ubaki mezani, kiganja juu, ila kifundo kipite ukingo wa meza. Shika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Uinyanyue kwa msaada wa mkono mzima, kisha mkono mgonjwa peke yake uishushe, ukihesabu moja hadi tano mpaka kiganja kininginie. Usinyanyue kwa mkono mgonjwa. Faida unayoitaka iko kwenye kushusha. Mara 15, pumzika dakika moja, mara 15 tena, na tena. Rudia kila baada ya siku moja. Watu huharibu hapa kwa haraka: chupa inaanguka badala ya kushushwa, na kano haipati kitu. Kosa la pili ni kuongeza uzito kwa chupa kubwa isiyojaa. Maji yanacheza ndani, kifundo kinayumba. Bora ujaze mchanga mkavu kwenye chupa ileile na kuipima kwenye mizani ya duka. Itakaribia gramu 800. Panda uzito pale tu utakapomaliza seti zote tatu vizuri siku mbili mfululizo za zoezi.

La tatu linataka nyundo, na wewe unazo. Laza mkono mezani, ngumi nje ya ukingo, kidole gumba juu, kichwa cha nyundo kikitazama dari. Mwanzoni shika mpini karibu kabisa na kichwa. Iache nyundo ilale polepole kwenda nje mpaka kiganja kitazame juu, kisha uirudishe kwa mkono wa pili. Mara 10, seti tatu. Ukizoea, teremsha mshiko sentimita mbili tatu kuelekea mwisho wa mpini. Nyundo ni ileile, lakini kadiri kichwa kinavyokuwa mbali na mkono ndivyo inavyokuwa nzito, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuteremka.

Kunyoosha mkono na kuvuta vidole nyuma, sekunde 30 mara tatu, si vibaya, ila ndiyo sehemu yenye faida ndogo. Na ule mpira wa kubinya uuweke kando: mikono yako inabinya kutwa nzima.

Maumivu uyapime hivi: kati ya sifuri na kumi, tatu wakati wa zoezi ni sawa, mradi asubuhi yake mkono uwe kama ulivyokuwa jana. Ukiamka umezidi kuuma, punguza uzito; usiache zoezi. Kano hubadilika taratibu sana. Tarajia nafuu ya kweli karibu na wiki ya sita, na uendelee mpaka ya 12 hata kama mkono hauumi tena, maana wengi huacha mapema ndipo tatizo linaporudi.

Kazini, zungushia mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mpini wa bisibisi uwe mnene, usilazimike kuufinya sana.

Jambo moja usilipuuze. Nyuma ya kinundu hicho unapita mshipa wa fahamu, kwa hiyo anayekuchua asipakandamize. Kidole kidogo na cha pete vikianza ganzi au kuchonyota, mshiko ukilegea, au kiwiko kikivimba na kuwa cha moto, simamisha mazoezi uende hospitali, uulize mtaalamu wa fiziotherapia.

Niandikie utakapofika kwenye nyundo, uniambie umeshika wapi kwenye mpini. Msalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Hamisi