Baba, chanjo zote zisichomwe siku moja

Friesland, Uholanzi
Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku tu wazima, kazi ya kukamua inaendelea.

Mdogo wangu kanieleza kwa simu kwamba ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, imeua ndama tena, na kwamba umeshaongea na bwana mifugo aje achanje zizi zima kwa siku moja, kila chanjo atakayoipata Kongwa mjini. Kusikia umekubali chanjo kumenipa furaha kubwa. Ila hiyo siku moja, Baba, nakuomba tuiangalie upya kabla hujatoa hela.

Chanjo ya ndigana kali haifanani na nyingine. Ndani yake mna vimelea hai wa ugonjwa wenyewe, waliotolewa kwenye kupe. Ndama akishachomwa, papo hapo anachomwa sindano ya pili, antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, ile inayokaa mwilini siku kadhaa, ili ugonjwa umguse tu usimlaze. Sasa chanjo ya homa ya mapafu na ile ya kimeta nazo zina vijidudu hai, na oksitetrasaiklini inavizuia kufanya kazi. Mkizichoma pamoja, hela imekwenda, ng'ombe wamesumbuka, na kinga hawana. Mwakani wakiugua watu watasema chanjo ilikuwa feki. Kati ya ndigana na hizo mbili acheni mwezi mzima upite.

Mimi ningeanza na homa ya mapafu mwezi huu huu, ng'ombe wote, maana kinga yake ni ya mwaka mmoja hivi na inabidi irudiwe. Kama kampeni ya serikali, ile iliyozinduliwa Bariadi mwaka 2025, ikifika kijijini, wapelekeni wachanjwe huko na wavishwe hereni za utambuzi. Mwishoni mwa Septemba ndiyo zamu ya ndama na ndigana. Chambavu na kimeta ziwe mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua ya Desemba haijaanza, kwa sababu mwili unahitaji wiki mbili tatu kujenga kinga. Chambavu unaijua, Baba: inachukua ng'ombe wachanga walionona, paja linavimba, ukilipapasa linalia kama karatasi kavu, na kesho yake umekwishampoteza.

Siku ya ndigana naomba usimame mwenyewe zizini. Chanjo inaletwa kwenye mtungi wa naitrojeni, imeganda. Kamrija kamoja ka chanjo kanatosha ndama wengi, na kakishayeyushwa lazima kaishe ndani ya saa chache, kwa hiyo waambieni majirani walete ndama wao siku hiyo hiyo. Kila ndama apimwe kifua kwa utepe ili uzito ujulikane, maana oksitetrasaiklini inafuata uzito. Mtu akikadiria kwa macho akapunguza dawa, ndama ataugua ndigana kweli. Aliyedhoofu au anayeharisha asichanjwe, asubiri. Baadaye, kwa wiki tatu hivi, mdogo wangu awe anawashika matezi chini ya masikio kila asubuhi. Yakivimba na ndama akawa na homa, ampigie bwana mifugo siku hiyo hiyo. Anayevuka hapo ana kinga ya maisha. Josho msiliache lakini, kwani kupe wanaleta pia ndigana baridi na mkojo mwekundu.

Mitamba wa miezi mitatu hadi minane wachanjwe dhidi ya ugonjwa wa kutupa mimba, nao pia wakae mbali na oksitetrasaiklini. Madume hapana, na wenye mimba hapana. Anayechoma avae glavu, kwa sababu chanjo hiyo ikimchoma mtu inamuuguza. Na maziwa, Mama, tafadhali yachemsheni, maana ugonjwa huo hupitia humo.

Huku nako nimeona thamani ya kuwahi. Septemba 2023 uliingia ugonjwa wa ulimi wa buluu, aina ya 3, unaoenezwa na usubi. Chanjo ya aina hiyo haikuwepo. Kondoo walikufa kwa maelfu, ng'ombe wakapungua maziwa. Chanjo ilipopatikana mwaka 2024, wafugaji walikimbilia kuchanja kabla usubi haujazidi.

Babu alikuwa akitusimulia sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe wa zamani, ilivyofagia mazizi. Leo haipo duniani, ilitangazwa kumalizika mwaka 2011, na chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright. Hii ya ndigana nayo chimbuko lake ni Muguga. Ndiyo maana naiamini.

Hela ya ndama nitaituma kwa simu ya Mama mwisho wa mwezi. Mdogo wangu anipigie picha daftari: ndama wangapi, wa umri gani, na nani kati yao amechomwa oksitetrasaiklini mwezi huu. Nikiipata nitaongea na bwana mifugo mwenyewe tupange tarehe.

Ni mimi mwanao.