Wito wa Harambee: Chembe Sahani kwa Watoto Wetu Walio Wodini

Ndugu, jamaa na marafiki,

Tunabisha tena mlangoni kwenu, na haya tunaiona, maana vitanda mlivyoichangia wodi ya watoto bado ni vipya. Mungu awazidishie. Lakini hili haliwezi kungoja.

Mtoto mwenye saratani ya damu hupungukiwa chembe sahani, zile zinazozuia damu kuvuja, kwa ugonjwa wenyewe na kwa dawa kali za kuutibu. Mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 10,000, kwa kawaida madaktari humwongezea mtoto hata kabla hajaanza kuvuja. Damu ikishavujia kwenye ubongo, utamtafuta mchangiaji saa ngapi? Wengi wenu mlimwona binti yetu wa miaka sita, kitambaa mdomoni, fizi zikitoka damu tangu alfajiri, mama yake akimpigia simu kila anayemfahamu. Chembe zilizokuwapo zilikuwa zimeharibika juzi yake.

Damu nyekundu hukaa kwenye jokofu kwa wiki kadhaa. Chembe sahani hazitaki jokofu: zataka nyuzi 20 hadi 24, zitikiswe polepole usiku na mchana, na hata zikitunzwa hivyo, kwa kawaida siku 5 ndiyo mwisho wake. Katika joto hilo bakteria nao hustawi, kwa hiyo hapana nafasi ya kubahatisha. Tunachanga tununue kabati la kuzihifadhi lenye kitikisio chake, pamoja na jenereta ya akiba.

Asiye na fedha ana mkono wa kuchangia chembe zenyewe. Mtoto hupewa chembe kwa uzito wake, kama mililita 10 kwa kila kilo, hivyo chembe zinazotolewa mwilini mwa mchangiaji mmoja, kwa mashine inayozitenga na damu yake, zaweza kutosha watoto wawili au zaidi. Tafadhali usimeze aspirini siku za karibu na zamu yako, kwani hudhoofisha chembe hizo.

Wanaojitokeza ni sura zilezile, Mola awalipe. Na wapo walioahidi mbele ya madhabahu, daftari la ahadi likingali wazi. Hatutataja majina.

Kila mchango utapewa stakabadhi, na hesabu itasomwa hadharani. Mweka hazina yupo baada ya kila ibada. Orodha ya zamu za kuchangia chembe iko mezani pake.