Waliopiga kengele za chemsha bongo nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vipindi vya zamani vya chemsha bongo vya Marekani na Uingereza. Mmewasifu watangazaji na kuorodhesha zawadi, lakini mafundi wa sauti hamkuwagusa. Naona hilo si haki.

Kabla ya kompyuta, jibu sahihi lilipigiwa kengele halisi studioni. Baadaye milio ikarekodiwa kwenye kanda fupi, kila mmoja ndani ya kasha lake la plastiki, mwisho wa kanda umeungwa na mwanzo. Fundi akibonyeza kitufe, mlio unatoka papo hapo, kisha kanda inajizungusha hadi mwanzo na kusimama, tayari kupigwa tena. Mashine haikujua nani kashinda. Fundi ndiye aliyemkazia macho mshiriki, kidole kikiwa juu ya kitufe, na akichelewa kidogo tu shangwe yote inapoa.

Tazameni Wheel of Fortune, kipindi cha Marekani cha kuzungusha gurudumu na kubahatisha maneno, kilichoanza 1975. Ule mlio wa gurudumu ni vigingi vyake vikigonga vilimi vya mpira. Mshiriki akiangukia sehemu ya kufilisika, husikika filimbi yenye kijiti cha kuvuta ndani, sauti ikiteremka hadi chini. Hata asiyejua neno la Kiingereza anaelewa kwamba fedha zimekwenda.

Na ule wimbo wa sekunde 30 wa Jeopardy!, kipindi kingine cha Marekani, unaopigwa washiriki wakiandika jibu la mwisho? Merv Griffin, mwanzilishi wa kipindi hicho, aliutunga kwanza kama bembelezi ya mwanawe Tony. Mwenyewe alikadiria kwamba ulimwingizia zaidi ya dola milioni 70! Uingereza nako, mwaka 1998, Keith Strachan na mwanawe Matthew walitunga muziki wa Who Wants to Be a Millionaire? ambao hupanda nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya muziki, kadiri maswali yanavyosonga. Mtazamaji hajui kwa nini moyo unamwenda mbio, lakini unamwenda.

Hao angalau majina yao yamebaki. Wabonyeza vitufe wengi hawatajwi popote, na kazi yao yenyewe imepotea: kanda nyingi za Jeopardy! ya 1964 hadi 1975 zilifutwa ili zirekodiwe vipindi vingine, zikasalia chache mno.

Naomba muandike makala ya pili. Na mkiweza, watafuteni pia mafundi wastaafu wa redio na televisheni zetu, wawaeleze wasomaji milio yao waliitengeneza kwa vifaa gani.

Msomaji wenu,
Morogoro