Bwana Meya wa Bukavu, kabla ya plani uliza udongo

Bwana Meya, jambo. Siko enjenia, niko baba mwenye nyumba tu huku juu Kadutu. Wakati wa kujenga tulikata mlima nyuma, ule udongo tukaumwaga mbele ili parsele, kiwanja chetu, iwe sawa, basi vyumba vya kulala vikakaa kwenye mlima wenyewe na saluni, chumba cha kupokelea wageni, ikakaa juu ya udongo wa kumwaga. Maso, fundi wa kujenga, akaukanyaga na miguu akasema uko nguvu. Mie nikaitika, ju nilitaka kumaliza mbele ya mvua.

Mvua ya kwanza tu, saluni ikashuka. Ufa ulianzia kona ya dirisha, ukapanda kama ngazi ukifuata sima katikati ya matofali, nikawa naandika tarehe na krayo pale unapoishia. Mwezi wa saba kidole changu kidogo kiliingia. Mwezi wa kumi na moja ukajifunga kidogo, lakini mlango ukakataa kufunguka, fundi mbao akaupiga randa, sasa kiangazi upepo unapita humo.

Udongo wetu huu mwekundu ukinywa maji unavimba, ukikauka unajikunja. Na maji tunaunywesha wenyewe: mabati hayana gutieri ya kukinga maji ya mvua, maji ya kufua tunamwaga chini ya ukuta, shimo ya choo iko karibu na fondasio. Ya Funu, humu mjini mwetu, sisemi sana, kule mlima wenyewe unatembea polepole, hata beto (zege) ya bei gani haiushiki.

Ninachoomba: mtu akitafuta ruhusa ya kujenga, asionyeshe plani peke yake, aonyeshe na shimo ya fondasio. Ajenti apite mitaro ikiwa bado wazi, aone kama wamevuka ule udongo wa kumwaga wamefika kwenye mgumu, na kama mlima unashuka basi fondasio nayo ishuke kwa ngazi. Pale lazima kujaza, wajaze sentimita 20 hivi, wagonge, ndipo waongeze. Wafunge shenaje ya ferabeto, mkanda wa beto yenye vyuma, chini na juu ya kuta, ju hapa ardhi inatetemeka pia, Februari 2008 hatujaisahau. Ukuta wa kushika mlima uachiwe matundu ya maji. Na kanivo, mifereji ya maji ya avenyu, zizibuliwe mbele ya mwezi wa tisa, ju gutieri yangu bila kanivo ni kumpelekea jirani wa chini maji yangu.

Ukipenda njoo uone zile tarehe za krayo. Lakini upitie mlango wa nyuma, wa mbele umeanza tena kukataa.