Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe cha Kirumba: kabla ya kifaru, tazameni daraja

Wanangu, marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini naitikia mapema nisije nikasahau, maana leo nina maneno mengi na pumzi chache.

Jumapili nilikaa nanyi kwenye benchi mpaka kahawa ikapoa kikombeni, nikiwasikiliza mkigombana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Huyu anataka nchi inunue kifaru cha vita, Leopard ya Wajerumani, yule Abrams ya Wamarekani, wa tatu kainua simu juu anatuonyesha mzinga wa milimita 120 ukifyatua huko Ukraine. Mkaniuliza, "Babu, wewe unasemaje?" Nikanyamaza, mkadhani mzee kasinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nahesabu madaraja kutoka hapa mpaka Magu, nikapotelea kwenye makalavati.

Mimi sikuwa mwanajeshi. Nimekula barabara miaka thelathini na moja, nikianza kibarua wa kubeba zege na kustaafu nyapara wa madaraja. Habari za shabaha na darubini za usiku mtanifundisha ninyi. Na jeshi letu lina nini leo au halina nini, hayo yabaki kambini kwa wenyewe. Lakini kitu cha tani 62 kama hiyo Leopard 2 kikitaka kupita juu ya daraja, hapo nina neno, tena neno la mtu aliyelala chini ya madaraja akiyatazama tumboni.

Kuna kijana mmoja alisema jambo la kweli mkamcheka bure. Alisema kifaru hukanyaga ardhi kwa upole kuliko lori. Ni kweli. Leopard 2 imelalia minyororo miwili, kila mmoja una upana wa sentimita 63 na ushee na unagusa chini karibu mita 5. Gawanyeni wenyewe: inakuja kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la lori la mizigo linakanyaga mara saba ya hapo. Ndiyo maana kifaru hupita kwenye mchanga ambao Fuso ingeshazama mpaka ekseli.

Alipokosea ni pale alipoichukua hesabu hiyo akapanda nayo darajani. Daraja halijui habari ya sentimita ya mraba. Boriti inabeba jumla ya vyote vilivyo juu yake kwa wakati huo. Lori letu kwenye mizani linaruhusiwa tani 56, lakini uzito huo umegawanywa kwa ekseli saba, na ekseli tatu zilizokaa pamoja haziruhusiwi kuzidi tani 24. Lori lenyewe ni refu kama treni ndogo. Likiwa juu ya daraja la mita nane, kichwa kimeshatoka ng'ambo na mkia haujaingia. Kifaru kinaingia chote. Tani zake 62 zote zimesimama ndani ya mita 5, katikati ya boriti, pale ambapo boriti haipendi kabisa kuguswa.

Niliwahi kuliona hilo kwa macho. Kuna mkandarasi, simtaji, alitaka kuvusha katapila juu ya lobedi, tela lile la chini la kubebea mitambo, kwenye daraja dogo la zamani huku upande wa Misungwi. Mimi nikakataa, wakubwa wakamruhusu, nikabaki na kazi ya kuangalia. Nikafunga uzi chini ya boriti, ukakazwa toka ukingo mpaka ukingo, halafu nikalala chali kwenye mchanga wa mto mkavu. Lobedi ilipofika katikati, boriti ikashuka ikaugusa uzi, ikaukandamiza chini kiasi cha unene wa kidole gumba. Vumbi la zege likanidondokea machoni. Lobedi lilipotoka, boriti ikarudi juu, lakini haikurudi yote. Pale palipobaki kama unene wa ukucha ndipo daraja lilipokufa, ingawa magari yaliendelea kupita miaka miwili zaidi na abiria wakila mahindi dirishani.

Wazungu walilijua hili mapema. Ujerumani Magharibi, enzi za Vita Baridi, madaraja yaliwekewa vibao vya duara vya njano vyenye namba za uzito wa kijeshi, na mengine yalikuwa na namba mbili, moja ya magari ya matairi na nyingine ya yale ya minyororo. Na vitu vizito vikivuka daraja la mashaka, vinavuka kimoja kimoja, mwendo wa kutembea, katikati kabisa, bila kufunga breki wala kubadili gia. Sasa fikirini msafara wa vifaru kumi unaokimbilia vitani ukivuka hivyo.

Sitaki mseme mzee anatisha watu. Madaraja mapya ya barabara kuu husanifiwa kwa kufikiria pia mizigo isiyo ya kawaida, kama transfoma ile inayovutwa na tela la matairi yasiyohesabika. Mmoja wenu alinirushia Daraja la Magufuli, kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Daraja zuri, mimi nimelivuka nikiwa na machozi, kwa jinsi tulivyopigwa na jua miaka yote kwenye foleni ya pantoni. Lakini nani kakwambia vita inapita barabara kuu? Ukitoka lami mguu mmoja tu, unakutana na kalavati la mawe, daraja la magogo, au mto usio na kitu, watu wanavuka wakikunja suruali.

Na daraja kubwa likiwa moja, adui naye analijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 Amin wa Uganda alivuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba watu wake wakalilipua daraja la Kyaka. Mto Kagera ukawa ukuta. Ilibidi wanajeshi wetu waweke daraja la muda ndipo vitu vizito vivuke. Vifaru vyetu wakati ule vilikuwa vya Kichina: Type 59 wa tani 36, na mdogo wake Type 62 wa tani 21. Machi 1979, kule Lukaya ndani ya Uganda, barabara inapita juu ya tuta na pande zote ni kinamasi. Kifaru hapo ni sawa na ng'ombe kwenye kichochoro, hageuki. Waliouokoa mchezo ni brigedi iliyozunguka mbali kwa upande ikatokea nyuma ya adui. (Vita ile ilipotufikia Mwanza haikuja na mnyororo. Ilikuja na ndege ya Libya, rafiki wa Amin, tarehe 29 Machi, ikilenga bohari la mafuta, mabomu yakaangukia wanyama wa kisiwa cha Saanane. Ninyi mnakwenda pale kupiga picha tu.)

Turudi kwenye udongo, maana huko ndiko ninakokujua zaidi. Wazee wa Kisukuma walikuwa na jina kwa kila udongo: luseni ya mchanga juu kwenye miinuko, itogolo ngumu chini yake, kisha mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni. Kiangazi mbuga inapasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko, na kifaru chochote kitapita kikipiga muziki. Masika ni habari nyingine. Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, tulikuwa tunachimba mfereji upande wa Magu. Opareta kijana, mjuaji kama ninyi, akasema katapila lina minyororo, halizami. Tani thelathini na kitu. Lilikwenda kama hatua arobaini. Nikaona udongo unajaa katikati ya meno ya mnyororo, unanata, unajaa tena, mpaka mnyororo ukawa laini kama pipa, hauna jino hata moja la kushikia. Ukawa unazunguka tu palepale, na katapila likateremka mpaka likakalia tumbo. Tumbo likishakalia tope, ile kilo moja kwa sentimita haikusaidii tena. Tukaleta katapila la pili kulivuta. Likazama na lile. Siku nne tulikata magogo, na mvua haikutuonea huruma hata saa moja.

Sasa kifaru cha tani 62 kikilala hivyo, kinavutwa na nini? Na gari la uokoaji lenye uzito wa kukaribiana nacho, ambalo nalo lazima lipite kwenye madaraja yale yale. Abrams moja inabeba mafuta kama lita 1,900, kwa hiyo nyuma yake kuna msururu wa maboza, kwenye barabara ile ile. Kwenye video zenu maboza hayaonekani, na mimi siwalaumu wapiga picha.

Wenye chuma wenyewe yamewakuta. Marekani walitengeneza mashine ya kivita ya minyororo, M10 Booker, kwa ajili ya vikosi vyao vyepesi, tani zake takriban 38, tena wao hawakuiita hata kifaru. Ikaja kuonekana kwamba katika kambi ya Fort Campbell, madaraja 8 kati ya 11 yasingeistahimili. Mwaka 2025 jeshi likaufuta mradi, kwa hilo na kwa sababu nyingine. Na Waingereza mwaka 1982 kule Falkland, kwenye ardhi ya tope na mboji, walikwenda na Scorpion na Scimitar, vigari vya tani 8. Vikapita pale ambapo askari mwenye mzigo mgongoni alikuwa anazama.

Kwa hiyo mkiniuliza tena, nitajibu hivi. Kwa ukanda wetu huu wa ziwa, tani 60 ni nyingi mno. Tani 35 au 40 zinaongeleka, kama zinakuja na wahandisi na madaraja yao ya kubeba mgongoni. Daraja la Bailey, lile la paneli za chuma za kuunganisha, nimelifunga kwa mikono hii: paneli moja ni kilo 260 hivi, watu sita wanaibeba wakiimba. Mimi ningepewa fedha za kifaru kimoja kikubwa, ningenunua paneli, na ninyi mngenicheka wiki nzima.

Mnaobisha, njooni tubishane kwenye kitu chenyewe. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa stendi ya daladala za Misungwi. Kuna daraja nataka tulipime, urefu wa boriti na kina cha mto, kila mtu aandike namba zake kabla ya kusema kitu. Aje mmoja na futi ya mita thelathini, na wote mvae viatu vya kuchafuka. Kahawa ni juu yangu, kashata mjinunulie.

Wenu,
Babu wa benchi la pembeni