Kwa mdogo wangu unayeanza kujifunza kuigiza Mbeya

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia umempata mwalimu wa kuigiza hapo Mwanjelwa, tena mtu aliyekaa jukwaani miaka mingi. Mwezi wa kwanza utakuudhi. Unakwenda na hamu ya kulia mbele ya watu, yeye atakulaza mkekani upumue. Usimkimbie.

Lala chali, daftari zito juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4: daftari lipande, mabega yatulie. Itoe kwa "sss" moja iliyo sawa kwa sekunde 15. Ukizoea fika 20, kisha 30. Ikitetemeka, umekaza koo. Pumzi ya mabegani ni fupi, ndiyo maana wengi humeza maneno ya mwisho wa sentensi, na huko ndiko mara nyingi habari yenyewe iliko. Asubuhi za Juni na Julai unazijua baridi yake. Imba umefumba midomo dakika 5 kabla hujapaza sauti, la sivyo itakwaruza siku nzima.

Halafu skripti. Isome yote mara tatu bila kuigiza. Kisha shika penseli, si kalamu, maana utafuta sana. Pembeni ya kila kauli ya mhusika wako andika kitenzi: namsihi, namtisha, namchelewesha. Usiandike "nina huzuni". Huzuni haiamrishwi, ukiilazimisha unakunja uso tu, na mtazamaji anaona uso uliokunjwa. Kumsihi mtu unaweza kuanza sasa hivi. Chukua kijana anayemwomba mama yake nauli ya Dar es Salaam, basi limeshawasha injini. Ukiigiza huzuni, utainamisha kichwa tu. Ukitafuta kuipata nauli kabla mlango haujafungwa, utamtazama mama macho, utatazama pochi, akikataa utabadili mbinu, na machozi yakija yatakuja yenyewe. Stanislavski, Mrusi aliyeanzisha kundi la maigizo la Moscow mwaka 1898 pamoja na Nemirovich-Danchenko, miaka yake ya mwisho aliegemea huko huko: kitendo kwanza, hisia hufuata.

Maneno yakariri makavu, bila mahadhi. Ukiyakariri na wimbo wake, mwenzako akijibu tofauti na jana wewe utarudia wimbo uleule, na kila mtu ataona humsikilizi.

Lafudhi ya Kinyakyusa usiionee haya. Mhusika wa Tukuyu akiongea kama mtu wa Unguja, nani atamwamini? Ila uweze kuiweka na kuiondoa utakavyo. Rudia polepole mahari na mahali, kura na kula, mpaka ulimi utii, kwa sababu "r" na "l" zikichanganyika hapo maana inageuka kabisa.

Mwalimu mzuri atakukatisha katikati ya kauli akuulize, "Unataka nini kwake?" Hatakuigizia ili umuige, kwani utatoka na sauti yake badala ya ya mhusika. Ila yeyote akikulazimisha ukumbuke msiba wa nyumbani ili ulie, mkatalie kwa heshima. Machozi ya namna hiyo mara nyingi hayarudi kwenye onyesho la pili, na wewe unabaki umeumia.

Jumatatu nenda na mkeka wako, penseli yenye kifutio na chupa ya maji ya uvuguvugu. Mwalimu mfikishie shikamoo yangu.