Wauza pembejeo, tuulizeni tunapanda nini kabla ya kutupa dawa ya magugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana msimu unakaribia na hii ishu ikisubiri mpaka mahindi yameota itakuwa imeshapitwa na wakati. Huku kwetu Mbozi mvua zikishika mwezi wa kumi na moja kila mtu yuko shambani, na siku hizi wengi wenye ekari mbili tatu kwenda juu hawategemei tena jembe peke yake, wanapulizia dawa ya kuzuia magugu kuota siku ileile ya kupanda au kesho yake. Mi ni mmoja wao na naiunga mkono hii dawa kwa moyo wote, mtu asisome barua hii akadhani naipiga vita. Ninachopiga vita ni namna inavyouzwa kwenye baadhi ya maduka yetu, yaani inamiminwa kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa ya maji ya kunywa, mkulima anapewa haina lebo haina jina, anaambiwa weka vifuniko vitatu kwa pampu moja, basi, kaondoka.

Chupa ya maji yenye sumu ndani ni hatari kwa mtoto yeyote mwenye kiu, hilo halihitaji maelezo. Lakini kwa dawa ya kuzuia kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni mpaka wiki kadhaa baadaye, na ndo hiyo imenifanya niandike.

Dawa nyingi za magugu tulizozoea unaona unachokipiga. Glaifoseti unapulizia kwenye jani bichi, ikidondoka kwenye udongo inanaswa hapohapo na haina kazi tena, kwahiyo anayepulizia glaifoseti leo akitegemea magugu ya wiki ijayo yasiote anapoteza hela yake, na wapo wengi tu wanaofanya hivyo kwa sababu dukani waliomba "dawa ya magugu" wakapewa dawa ya magugu. Hii ya kuzuia inafanya kazi ndani ya udongo, kwa mbegu ambayo huioni. Inalala juu ya shamba kama shuka, mbegu ya gugu ikianza kuchipua inaigusa. Ziko aina tofauti, na majina yake yameandikwa kwenye lebo. S-metolakloro inakikamata kichipukizi kabla hakijatokeza. Pendimethalini inazuia mizizi isikue. Atrazini inanyonywa na mizizi, gugu linaweza hata kutokeza kidogo, linaanza njano, linakufa kwa sababu haliwezi tena kutengeneza chakula chake kwa jua. Mahindi yanapona kwenye atrazini kwa sababu yana uwezo wa kuivunja yenyewe ndani kwa ndani. Maharage hayana uwezo huo.

Na sisi huku tunapanda mahindi na maharage pamoja! Tangu wazee wetu. Jirani yangu msimu uliopita alinunua dawa ya mahindi kwenye chupa ya maji, akapulizia shamba zima, katikati ya mistari ana maharage. Yakaota vizuri tu, akafurahi, alafu majani ya chini yakaanza njano pembeni, yakakauka, yakafuata ya juu. Akadhani ni ukungu. Akarudi dukani akauziwa dawa ya ukungu, akapulizia, maharage yakaendelea kufa, na mama watoto ndo alikuwa anategemea yale maharage kwa ada ya shule. Ile dawa yenyewe ilikuwa nzima kabisa, mahindi yake yalisimama safi hayana gugu. Hakuna mtu aliyemuuliza tu unapanda nini.

Angeulizwa angeambiwa kwamba s-metolakloro ikiwa peke yake inatumika kwenye mahindi na kwenye maharage pia, ila zipo chupa ambazo ndani yake imechanganywa na atrazini kwa ajili ya mahindi peke yake, na kwa macho hutofautishi ukishaimwaga kwenye chupa ya maji. Tofauti yote iko kwenye lebo, na lebo imebaki kwenye dumu.

Swali la pili ambalo muuzaji angetakiwa kuuliza ni utapanda nini baada ya haya mahindi. Maeneo yetu ya juu watu wanapanda maharage ya pili kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tatu, wengine humohumo kwenye mahindi yakiwa yanaelekea kukomaa. Atrazini haiishi haraka hivyo kwenye udongo, inaweza kukaa miezi, hasa mvua ikiwa kidogo au udongo ukiwa wa magadi, na ukizidisha kipimo ndo unazidisha na muda. Mtu anapanda maharage au kabichi au nyanya pale, vinadhoofika, anasema ardhi imechoka anaongeza mbolea. Pesa inaenda na jibu haliko kwenye mbolea.

Na swali la tatu, umepanda lini. Mtu anakuja dukani mahindi yana wiki mbili na magugu yamefika kifundoni anauziwa dawa ya kuzuia. Pendimethalini na s-metolakloro haziui gugu lililokwisha simama, atrazini inajitahidi kidogo kwa yale machanga kabisa ya majani mapana, zaidi ya hapo umemwagia maji. Wakati wake ni baada ya kupanda kabla chochote hakijatokeza, udongo ukiwa na unyevu, na mvua ya wastani ije ndani ya wiki moja hivi iishushe kidogo pale juu mbegu za magugu zilipo. Ikikaa juu ya vumbi kavu siku nyingi inapungua nguvu. Ikija mvua ya gharika kwenye udongo wa kichanga inaizamisha mpaka kwenye mbegu yako uliyoifukia juujuu. Shamba likiwa na mabonge nalo halishiki, maana bonge likivunjika na mvua linafunua udongo ambao haukupata dawa na magugu yanatokea hapohapo. Na ukishapulizia usirudi kuparuza na jembe, utakuwa umeichana ile shuka mwenyewe.

Kuna magugu ambayo dawa hii haiyawezi na watu waambiwe ukweli kabla hawajatoa hela. Ndago inaota kutoka kwenye viazi vyake vya chini, ukoka unatoka kwenye vipande vya shina, hivyo haviko kama mbegu ndogo inayochipua, vitapita tu. Kiduha, lile gugu linaloitwa pia striga, kinachowatesa wenzetu wa Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya, kinashika mizizi ya mahindi chini kwa chini na kinakuwa kimeshanyonya kabla hujakiona juu, ndo maana kule watafiti walihangaika mpaka wakatoa mbegu ya mahindi iliyopakwa imazapiri, ambayo nayo ni dawa ya magugu, na pia ile mbinu ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari. Hata wanaotengeneza viwanja vya mpira na bustani za nyasi wajue mipaka yake, kwenye nyasi zilizokwisha shika mizizi vizuri dawa ya kuzuia inasaidia, lakini ukimwaga mbegu za nyasi alafu ukapulizia, dawa haijui ipi ni nyasi yako na ipi ni gugu.

Sasa hii habari ya vifuniko. Kifuniko cha chupa gani? Pampu ya lita 15, 16 au 20? Na mtu anatembea mwendo gani? Kipimo cha lebo kinakwenda kwa eneo, ekari au hekta, kwahiyo kila mkulima ajue yeye na pampu yake wanamaliza maji kiasi gani. Ni rahisi na hakuna gharama: jaza maji matupu, pima mita 10 kwa 10, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, angalia maji gani yametumika. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, ni kama vipande 40 vya namna hiyo. Ukitumia lita 2 kwenye kipande, ekari inataka lita 80, ambazo ni pampu 5 za lita 16, na kama lebo inasema lita 1 kwa ekari basi kila pampu ni mililita 200. Kijana mwingine anakimbia anatumia lita moja na nusu, kipimo chake kwa pampu ni tofauti kabisa na cha mwenzake, na wote wameambiwa vifuniko vitatu. Nozeli nayo iwe ile bapa inayotoa dawa kama upepeo, ile ya mviringo ya kupigia wadudu inaacha mapengo kwenye udongo.

Nisisahau maji. Atrazini inasafiri na maji ya mvua kwenda mtoni na inazama kwenda visimani, Umoja wa Ulaya uliamua 2004 kuikataa kwa sababu hiyo, kule kikomo chao kwa kiuatilifu chochote kimoja kwenye maji ya ardhini ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Sisemi na sisi tuifute kesho, palizi ya jembe kwenye mvua isiyokatika inaumiza watu, na wanaoinama wengi ni akina mama na watoto, alafu unang'oa gugu jioni asubuhi limeshika tena. Nasema mtu anayeosha pampu mtoni ambapo majirani wanachota maji aache. Maji ya kusuuzia chupa yarudi kwenye pampu, suuza mara tatu, pulizia shambani, chupa itobolewe isije ikabeba mafuta ya kula.

Najua kwa nini wauzaji wanapima. Mwenye nusu ekari hana hela ya lita nzima wala haihitaji, na muuzaji asipompimia atakwenda duka la pili. Hilo ni tatizo la kweli na siwalaumu wauzaji peke yao. Dawa yake ni watengenezaji na waagizaji walete vifungashio vidogo vilivyofungwa kiwandani, vya nusu lita na robo lita, lebo ya Kiswahili inayosomeka bila kuazima miwani ya mtu, na juu kabisa kwa herufi kubwa iandikwe zao linalofaa na zao lisiloguswa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliundwa kwa sheria ya 2020 na ndiyo inayosajili hizi dawa na kusimamia wanaoziuza, kwahiyo naiomba kabla ya mwezi wa kumi na moja ipite kwenye maduka ya vijijini pia, isiishie mijini, na anayekutwa anamimina kwenye chupa za maji achukuliwe hatua.

Maafisa ugani wetu nao nawaomba waje na futi na pampu ya maji matupu siku ya mkutano wa kijiji, nusu saa inatosha kuonyesha kile kipimo cha mita 10 kwa 10. Na wewe Mhariri, kama ukurasa wa kilimo una nafasi, naomba mchapishe jedwali la dawa za kuzuia zilizosajiliwa na mazao yake, mahindi, maharage, karanga, alizeti, mpunga, ili mtu alikate alibandike ukutani aende nalo dukani.

Mkulima wa mahindi na maharage,
Mbozi, Songwe